Herufi ya Ng'ombe Iliyotazama Kushoto

Mzee Oswaldi wa Mazwi, hapo Sumbawanga mjini, alikuwa mhunzi. Lakini ungemwita mhunzi angekurekebisha: yeye ni fundi wa herufi. Majembe alifua, mashoka alifua, na bawaba za milango ya watu wasiojua kusema asante alizifua pia. Hayo yalikuwa mambo ya tumbo. Jina alilipata kwa herufi.

Ukoo wao walikijua chuma tangu zamani. Babu yake alikuwa mmoja wa wale waliojenga matanuri marefu ya udongo, malungu, na kuyapikia mawe mpaka yakatema chuma. Baba yake hakuyeyusha kitu, alinunua vyuma chakavu misheni. Oswaldi mwenyewe alipelekwa misheni akiwa kijana, kwenye karakana ya bruda mmoja Mholanzi mwenye ndevu nyekundu, na huko ndiko alikofundishwa kutengeneza chapa za ng'ombe.

Sasa chapa ina kisirani chake. Ukitaka ng'ombe aandikwe R, chuma chenyewe lazima kiwe na R iliyogeuka, kama unavyoiona kwenye kioo. Ukikifua sawa, ng'ombe anatoka amegeuka. Bruda yule alimtaka Oswaldi aandike alfabeti nzima kinyumenyume kwa chaki, kila asubuhi kabla ya chai, mwaka mzima. Akikosea herufi moja, chai yake anapewa mwingine. Oswaldi alikosa chai mara nyingi mwezi wa kwanza, mara mbili mwezi wa pili, na baada ya hapo hakuikosa tena. Kichwa kilikuja kusahau masomo yale, lakini mkono haukusahau. Ungemwamsha usingizini ukamwambia "K", mkono wake ungechora K iliyogeuka kabla hajauliza nani mwenzangu.

Miaka arobaini hivi alifanya kazi hiyo bila herufi hata moja kwenda upande. Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja kabila lake, na alilisema mara kwa mara.

Kisha ikaja ruksa. Biashara ikawa huria, madukani yakajaa majembe kutoka nje, mepesi, yanapinda ukilima kwenye jiwe la kwanza. Watu wakayanunua hivyo hivyo na kuyanyoosha kwa goti. Oswaldi aliwatazama akasema, "Haya, limeni na bati." Zikabaki kazi mbili tu ambazo majembe hayo hayakuweza kumnyang'anya: misalaba ya makaburi, na chapa. Na chapa zilikuwa nyingi, kwa sababu wafugaji wa kutoka Shinyanga na Mwanza walikuwa wakishuka na makundi yao bonde la Rukwa, na ofisi ya mifugo ilitaka kila mmoja awe na alama yake, ichorwe kwenye daftari.

Hivyo ndivyo alivyomfahamu Masanja.

Ilikuwa mwaka tisini na moja, mwezi wa nane, baridi ya Ufipa ikiuma masikio. Masanja alikuwa Msukuma mrefu, mkimya, amehamia Milepa na mkewe Minza na ng'ombe sitini. Alivaa fulana ya mtumba yenye maandishi makubwa kifuani: CHICAGO. Yeye alidhani ni jina la sabuni.

"Bwana mifugo amenirudisha, mzee," alisema. "Anataka alama ambayo hakuna mtu anayo. M wanayo saba. Nikasema nyota. Nyota wanayo wawili. Nikasema mwezi, akaniambia mwezi ni wa Maganga, na Maganga ni mgomvi."

Karakana siku hiyo ilikuwa na mteja mwingine, Bwana Halvor, Mnorwei wa mradi wa maji, aliyekaa juu ya kreti akisubiri fimbo ya pampu inyooshwe. Kiswahili chake kilikuwa sanifu kupita cha wenyeji, kila neno limechomekewa shati.

"Mimi ninayo herufi moja," alisema Halvor, "ambayo katika mkoa wote wa Rukwa hakuna mtu aliye nayo."

Akaokota kaa, akachora kwenye ubao wa mlango: mstari uliosimama, na mikono miwili ikitoka ubavuni upande wa kulia, yote imeinuka juu kidogo.

Oswaldi aliitazama. "Hii ni F iliyoshtuka."

"Ni ndugu yake. Ni herufi ya wazee wetu, kabla hatujaletewa hizi za kanisani. Inaitwa *fe*. Wazee zaidi nadhani walisema *fehu*."

"Maana yake?" aliuliza Masanja.

"Ng'ombe."

Masanja alisogea karibu na mlango.

"Herufi yenyewe inaitwa ng'ombe?"

"Ndiyo. Ng'ombe, na pia mali. Ni neno moja."

"Kwani kuna tofauti?" alisema Masanja.

Halvor alifikiri, akasema kwamba zamani haikuwepo. Oswaldi, ambaye hakupenda herufi ipite mlangoni kwake bila kuhojiwa, alitaka kujua imetoka wapi. Halvor akasema huenda wazee wake waliiazima kwa watu wa kusini, pande za Italia, wenye F ya mikono iliyolala. Lakini wao walikuwa wanachonga kwenye mti kwa kisu. Mstari uliolala unafuata nyuzi za mti na kupotea, au mti unapasuka. Kwa hiyo mikono wakaiinua.

"Aa," alisema Oswaldi, na kwa mara ya kwanza alimpa Halvor heshima kamili. "Hao walikuwa mafundi."

"Zilikuwa herufi ishirini na nne. Baadaye zikapunguzwa, zikabaki kumi na sita."

"Zilipunguzwa kazini? Hata huko kwenu?"

"Hata huko."

"Na hii ya ng'ombe?" aliuliza Masanja kwa wasiwasi wa kweli.

"Ilibaki. Mikono yake ilipinda kidogo tu, ikawa kama pembe."

"Lazima ibaki," alisema Masanja. "Na katika hizo ishirini na nne, ilikuwa ya ngapi?"

"Ya kwanza. Zilianza na hiyo."

Masanja alimgeukia Oswaldi, uso mkavu kabisa. "Mzee, umesikia? Sisi shuleni tulianzishiwa A. A ni nini? A si kitu. Hawa wenzetu walianza na ng'ombe."

Jambo likaisha hapo. Halvor aliichora kwenye karatasi safi, mikono kulia, Masanja akaipeleka ofisi ya mifugo, ikaingizwa daftarini mikono kulia. Oswaldi akafua chuma usiku na mchana, maana kazi ilimpendeza: mstari mmoja na mikono miwili, hakuna duara, hakuna kona ya kijinga. Alipomaliza alikiinua chuma karibu na mchoro wa mlangoni, akalinganisha. Vilifanana sawasawa.

Na hapo ndipo palipoharibika, msomaji, maana havikutakiwa kufanana. Mkono wa Oswaldi ulijua kuzigeuza herufi zote za bruda, lakini hii bruda hakuwahi kuifundisha. Mkono ulipokuta mgeni, ulimpokea alivyo.

Siku ya kupiga chapa walikwenda Milepa wote, na Halvor na kamera yake. Ndama wa kwanza akalazwa, Oswaldi mwenyewe akashika chuma chekundu, akabana, moshi ukapanda, akakitoa. Akatazama. Mstari umesimama, na mikono miwili inaelekea kushoto.

Miaka arobaini! Alitazama ndama, akatazama chuma, akahisi harufu ya chai ya bruda ikinywewa na mtu mwingine.

"Mbona imegeuka?" aliuliza Masanja, bila ubaya.

Halvor alikuwa ameshaona. Macho yake yalicheka lakini mdomo ulikaa kwa adabu. "Mzee Oswaldi ameandika kutoka kulia," alisema. "Wazee wetu walifanya hivyo. Wengine walianzia kushoto, wengine kulia, na herufi ziligeuka pamoja na mwandishi. Ni herufi ile ile."

"Umesikia?" Oswaldi alimwambia Masanja upesi. "Ni herufi ile ile. Hii inageuka."

Masanja aliridhika. Halvor akapiga picha: ndama chini, chapa mbichi ubavuni, Oswaldi na chuma mkononi, Masanja na fulana yake. Ng'ombe sitini wakapigwa chapa siku mbili, wote wakitazama kushoto. Oswaldi alikuwa na nafasi ya kusema, "Subiri, nikifue upya." Kwa ukoo wao, kazi mbovu mhunzi huivunja mwenyewe mbele ya mwenye mali, kisha huanza moja. Hakusema. Aliona haya, na mbele ya mzungu na mbele ya Msukuma haya ni mbili.

Picha ililetwa baada ya miezi miwili. Nyuma yake Halvor aliandika kwa wino: *Fe. Milepa, Agosti 1991. Fundi Oswaldi aliandika kutoka kulia.* Oswaldi aliisoma mara moja, akaifukia sanduku la nguo, chini kabisa. Halvor alimaliza mkataba akarudi kwao. Oswaldi akaendelea kusema, kwa sauti ile ile ya kawaida, kwamba hakuna herufi yake iliyowahi kwenda upande.

Miaka mitano ikapita salama.

Mwaka tisini na sita parokia yao iliamua kujenga lango jipya, na juu ya lango herufi kubwa za chuma: KARIBUNI WOTE. Herufi kumi na mbili, kila moja urefu wa mkono. Bawaba za lango la kwanza alizifua baba yake Oswaldi. Alilitaka lango lile kuliko alivyotaka kitu chochote tangu siku alipomtaka Bertilla, mkewe. Na Bertilla aliliona hilo na halikumfurahisha sana. Mpinzani wake alikuwa Steven, kijana mwenye familia, aliyenunua mashine ya kuchomelea Tunduma. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa Mzee Leonsi, mwalimu mstaafu, mtu ambaye hata salamu alizisahihisha. Alikuwa amemnong'oneza Oswaldi: "Mashine ni mashine. Lakini kwa herufi, sisi tunamjua mtu asiyekosea." Kamati ingekaa Jumapili.

Jumatano, Masanja akatokea mlangoni. Fulana ya CHICAGO ilikuwa imebaki CHI tu, kwingine imetoboka. Hakusalimia vizuri, na Masanja alikuwa mtu wa salamu.

"Mzee, ng'ombe wangu wamekwenda. Kumi na saba. Na wale wa mahari ya kijana wangu wamo humo."

Alikuwa amefuata nyayo siku nne, akapanda mlima, akapita porini mpaka Matai. Huko akawakuta ndani ya zizi la Valerian, mfanyabiashara wa mifugo, wakisubiri kushushwa Kasanga na kupakiwa meli. Alipiga kelele, polisi wakaja, ng'ombe wakazuiwa. Lakini Valerian hakushtuka. Alitoa karatasi ya ofisi ya mifugo: mwaka jana tu alisajili alama yake halali, mstari na mikono miwili, inaelekea kushoto. Valerian alikuwa mtu wa kusoma. Alishaona mnadani kwamba ng'ombe wa Masanja wanatazama kushoto na daftari linatazama kulia, na katikati ya hizo pande mbili akaona nafasi ya zizi zima.

"Kwenye daftari mimi ni kulia," alisema Masanja. "Ng'ombe ni kushoto. Wananiambia si wangu. Kesi ni Ijumaa, mahakama ya mwanzo Matai. Mzee, wewe ulisema herufi hii inageuka. Njoo umwambie hakimu."

Oswaldi alisema atakwenda. Alilisema haraka, ili asipate muda wa kufikiri. Lakini Masanja alipoondoka, alifikiri. Aliketi juu ya kreti lile lile la Halvor mpaka mkaa ukazimika.

Jioni aliingia ndani, akafungua sanduku, akaanza kutoa nguo moja moja. Bertilla alikuwa anapepeta ulezi.

"Iko chini ya cheti cha ubatizo cha Herieth," alisema bila kugeuka. Herieth ni binti yao.

Mikono ya Oswaldi ikasimama. "Unajua natafuta nini?"

"Baba Herieth, sanduku hilo ni nani hulianika kila kiangazi? Wewe?"

"Basi mbona hukusema? Miaka mitano!"

"Ningesema nini? Wewe ndiye fundi wa herufi." Alipeperusha makapi. "Nilisubiri uniambie mwenyewe. Nikaona labda ni ya kuzikwa nayo."

Oswaldi aliipata picha pale pale Bertilla alipomwelekeza. Akaitia mfuko wa ndani wa koti. Alijiambia anaibeba tu. Kubeba si kutoa.

Ijumaa, chumba cha mahakama kilijaa. Matai nzima ilikuwa imekuja, na watu kadhaa wa Sumbawanga waliosema wamepitia tu. Hakimu alikuwa mtu wa makamo mwenye mafua. Valerian alikaa mbele, suruali imepigwa pasi, daftari mapajani. Masanja alisimama ukutani, na Minza mkewe kando yake, kashika khanga mdomoni. Macho ya mama yule hayakubanduka kwa Oswaldi. Alikuwa hajui lolote kuhusu herufi; alijua tu kwamba mzee huyu amekuja kuwarudisha ng'ombe wao.

Oswaldi aliapa, akaeleza kwa kujiamini. Hii ni herufi ya kale ya Wanorwei. Jina lake ng'ombe. Walichonga kwenye mti ndiyo maana haina mstari uliolala. Na wazee wale waliandika kutoka pande zote, herufi ikageuka na mwandishi. "Kwa hiyo, mheshimiwa, ikitazama kulia au kushoto, ni ile ile."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Hakimu alipenga kamasi.

"Nimekuelewa, mzee. Lakini kama ni ile ile, basi bwana Masanja na bwana Valerian wana alama moja. Na daftari la serikali halijui Wanorwei. Daftari linasema kulia ni ya huyu, kushoto ni ya yule. Ng'ombe walio nje wanatazama wapi?"

"Kushoto," alisema Oswaldi kwa sauti ndogo.

"Ahsante," alisema Valerian.

Hakimu alishika kalamu. Minza alishusha khanga. Masanja alitazama chini tu, na Oswaldi aliona shingo yake imelegea kama ya mtu aliyeambiwa habari ya msiba na bado hajaambiwa ni nani.

Ukweli ni kwamba Oswaldi alikaa kimya hesabu ya pumzi tatu. Pumzi ya kwanza ilikuwa ya lango, ya pili ya lango pia. Nisimtetee. Ya tatu ndiyo ilikuwa ya ng'ombe.

"Mheshimiwa," alisema, "subiri kidogo. Nilikosea."

"Ulikosea nini?"

"Chapa. Nilifua chuma kikafanana na mchoro, na chuma cha chapa hakitakiwi kufanana na mchoro. Kinatakiwa kiwe kinyume. Mtoto wa karakana anajua. Mimi najua. Niliona siku ile ile, ng'ombe wa kwanza tu, nikanyamaza kwa aibu. Ng'ombe wote wa Masanja wanatazama kushoto tangu mwaka tisini na moja, na kosa si la wazee wa Kinorwei. Ni langu."

Nyuma mtu mmoja wa Sumbawanga alisema, "Heee," akanyamazishwa.

Chuma, ambacho Masanja alikuja nacho, kililetwa mbele. Karani alikipaka masizi ya taa, akakigandamiza kwenye karatasi: kushoto. Valerian akasimama na kusema chuma kinaweza kufuliwa hata juzi. Ndipo Oswaldi akatoa picha mfukoni. Hakimu akaitazama mbele, akaigeuza, akasoma nyuma kwa sauti, kila neno, pamoja na lile la kuandika kutoka kulia. Kuna mtu alicheka.

"Picha hugeuzwa!" alisema Valerian. "Studio wakiweka filamu kinyume, kushoto kunakuwa kulia. Kila mtu anajua."

Ilikuwa hoja nzuri, tumpe haki yake. Hakimu aliisogeza picha dirishani, akaikazia macho muda mrefu, akapiga chafya.

"Bwana Masanja. Hii fulana uliyovaa hapa imeandikwa nini?"

"Sijui, mheshimiwa. Ni sabuni."

"Imeandikwa Chicago. Inasomeka vizuri, C mpaka O. Kama picha ingegeuzwa, nayo ingegeuka." Aliiweka picha mezani. "Ng'ombe hawa walitazama kushoto miaka minne kabla bwana Valerian hajaifikiria kushoto. Warudishwe kwa mwenyewe."

Minza alipiga vigelegele mahakamani mara mbili, akaonywa mara moja. Masanja alikuja kwa Oswaldi, akamshika mkono kwa mikono miwili, akatikisa kichwa tu. Valerian alifungua daftari lake kana kwamba kuna jambo jingine analitafuta. Polisi wawili wakamsubiri amalize.

Habari ilifika Sumbawanga kabla ya Oswaldi, kwa sababu yeye alipanda nyuma ya lori na habari ilikaa mbele na dereva. Alipopita sokoni watu walimsalimia kwa upole mno. Upole huo ulimuuma kuliko matusi.

Jumapili baada ya misa Mzee Leonsi alimvuta kando. "Mzee Oswaldi, si kwamba hatukuamini. Umefanya jambo la haki, na padre amelisema. Ila lango, unajua, herufi ikigeuka pale, imegeuka miaka mia." Kazi ikapewa Steven.

Oswaldi alikwenda nyumbani, akakaa na Bertilla, akalia kidogo. Nalisema kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akilisema. Bertilla hakumwambia usilie; alimwekea chai, na akakaa mpaka alipoinywa yote.

Wiki mbili baadaye alifua chuma kipya, safari hii kilichogeuka inavyotakiwa, akakipeleka Milepa bila malipo. Alitaka kukivunja kile cha zamani mbele ya mwenye mali, kama ukoo wao wanavyofanya. Masanja alikitazama kipya, akakirudisha.

"Mzee, ng'ombe wangu wote wanatazama kushoto. Nikianza kupiga ndama kulia, watajiona wameolewa huku. Nimekwenda kwa bwana mifugo, amefuta mchoro, ameandika kushoto. Daftari ndilo lililogeuka." Kisha akamfungulia mtamba mmoja zizini, mweusi mwenye baka jeupe, akampa kamba mkononi. "Huyu ni wako. Alikuwa Matai pamoja na wenzake."

Huwezi kukataa ng'ombe wa Msukuma. Oswaldi alimswaga mpaka mjini, akamfunga mbele ya karakana, na ubavuni mwa mtamba yule, mahali ambapo kila anayekwenda misa lazima apite, ilikuwepo herufi yake moja iliyokwenda upande. Ilitembea, ilikula majani, na Jumapili ilikuwa kama tangazo.

Lango lilizinduliwa mwezi wa kumi. Steven alifanya kazi safi, na Oswaldi alimwambia hivyo. "Shikamoo mzee, nimeogopa sana," alisema Steven, "niliziangalia mara mia." Wakaingia wote chini ya KARIBUNI WOTE. Misa ilipokwisha, Oswaldi akitoka, aliinua macho. Herufi za chuma, hazina ubao nyuma, na kutoka upande wa ndani E ilitazama kushoto, K ilitazama kushoto, R na B na N zote zimegeuka. Waumini mia tatu walipita chini yake bila kuona kitu. Mzee Leonsi alikuwa amesimama pale pale katikati, akipokea pongezi. Oswaldi alifungua mdomo. Kisha akamtakia Jumapili njema, akaenda zake.

Mchana padre mgeni, kijana, aliyekuja kwa ajili ya sherehe na hakujua habari za watu, alipita karakana kusalimia. Alisimama mbele ya ng'ombe akainamisha kichwa upande.

"Shikamoo mzee. Hii ni alama gani? Ni F imegeuka?"

"Marahaba, padre," alisema Oswaldi.

Majibu alikuwa nayo, na yalikuwa ya kweli. Angeweza kumweleza *fe* na wazee wa Norwei, kisu na nyuzi za mti, herufi zilizoanza na ng'ombe, na jinsi zilivyogeuka na mwandishi ikawa si kosa bali desturi. Padre msomi angefurahi. Ndani, Bertilla aliacha kukoroga chungu.

"Nilikosea, padre," alisema Oswaldi. "Mimi ndiye niliyeifua."

Akamkaribisha kiti, kisha akaingia ndani kumletea maziwa.